Truphena wa Chumba cha Kufulia

Video ile ilimfikia Truphena Barasa siku ya Jumapili saa nne asubuhi, akiwa amesimama mbele ya mashine ya kukaushia katika chumba cha kufulia cha hoteli moja mtaa wa Al-Murabba, Riyadh. Ilikuwa imeshapita kwenye simu nyingi kabla ya kufika kwake, maana alikuwa mtu ambaye wenzake humkumbuka mwisho kwa mambo ya kuchekesha. Chini yake mtu alikuwa ameandika: *King'ora cha Batha. Sikilizeni mpaka mwisho kama mna moyo.*

Akafuta mikono kwenye aproni, akasikiliza.

Msichana mwembamba, gauni la kijani, maiki kaishika kwa mikono miwili. Ukumbi wa kukodi mtaa wa Batha, Wakenya kwenye viti vya plastiki. Ule mkutano wa wiki iliyotangulia ambao Truphena hakwenda kwa sababu alikuwa zamu. Wimbo ulikuwa ule wa kumshukuru mama ambao kila Mkenya aliyewahi kukaa kwenye benchi la kanisa anaujua, aupende asiupende. Muziki ulikuwa wa kurekodiwa, kinanda na gitaa na ngoma zikitoka kwenye spika. Sauti ya msichana na muziki ule vilikuwa kama watu wawili waliokutana kwenye ngazi nyembamba, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake. Watu walianza kucheka kwenye ubeti wa kwanza. Kwenye ubeti wa pili aliyekuwa akirekodi alicheka hadi picha ikatikisika. Msichana aliimba mpaka mwisho, mishipa ya shingo imemsimama, kisha akashuka jukwaani akitazama miguu yake.

Truphena akairudia. Mara ya tatu alifumba macho, akaufuata uzi wa ile sauti peke yake na kuuacha muziki upite zake.

"Huyu msichana hakosei," aliyaambia mashuka.

Alikuwa juu ya muziki kwa nusu hatua tu, umbali wa kibao cheupe cha kinanda na kibao cheusi kilicho jirani yake. Nusu hatua mwanzoni, nusu hatua katikati, nusu hatua mwishoni. Kwa dakika nne nzima, spika zikimpigia kelele upande huu na watu wakimcheka upande ule, alikuwa amekaa mahali pamoja. Mtu asiye na sikio huyumba. Huyu hakuyumba hata kidogo. Alikuwa amesimama nje ya nyumba akiimba sawasawa kabisa, na hakuna aliyemwonyesha mlango ulipo.

"Truphena, mafi kalam," msimamizi alisema akipita na rundo la taulo. Hakuna maneno. Miaka kumi na miwili alikuwa akimwambia hivyo, na miaka kumi na miwili Truphena alikuwa akiendelea kusema.

Huko nyumbani Webuye, kabla ya mashuka, alikuwa amefundisha kwaya katika shule ya msingi kwa miaka kumi na mitatu. Alikuwa ameajiriwa na wazazi, si na serikali. Hakuwa na cheti. Alichora do re mi ubaoni kama ngazi, akawapandisha watoto mguu kwa mguu, na kabla ya wimbo aligonga uma wake wa chuma wa kutolea noti mezani, akausogeza sikioni, akawapa noti ya kuanzia kwa kuvuma tu, midomo imefungwa. Kisha serikali ikaleta mwalimu mwenye karatasi. Mwenye karatasi alikuwa na kila kitu isipokuwa masikio. Truphena alimwambia hivyo ofisini, mbele ya mwalimu mkuu, na hiyo ndiyo ikawa siku yake ya mwisho shuleni. Hakuomba radhi wakati ule. Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Sasa alikuwa na hamsini na mmoja, mikono imejaa makovu ya pasi, na bado hakuwa ameomba.

Namba ya msichana aliipata kwa mwanamke mmoja wa kikundi cha Wakenya wa huko. Jina lake Mitchelle Atieno, miaka ishirini na mitatu, mfanyakazi wa nyumbani kaskazini mwa jiji, anaishi kwa waajiri. Truphena akamtumia ujumbe wa sauti, akajitambulisha. Jibu lilikuja baada ya siku mbili.

"Anti, kama umenitafuta ili ucheke, cheka tu, halafu nikublock. Wengine nishawablock."

"Mimi sicheki. Nina swali moja. Kanisani kwenu, kinanda alikuwa anapiga nani?"

"John. Kwani unamjua?"

"Simjui. Wewe ukianza wimbo, John alikuwa anafanya nini?"

"Ananitafuta."

"Anakutafuta vipi?"

"Si kawaida tu, Anti. Mimi naanza pale koo linapotaka. Yeye anapapasa na kidole kimoja, kimoja tena, akinipata anaweka mkono wote. Ubeti wa kwanza haujaisha ashanipata."

"Na hiyo siku ya video, muziki ulipoanza, wewe ulianzia wapi?"

"Pale koo lilitaka."

"Halafu ukawa unangoja nini?"

Ujumbe uliofuata ulikuwa wa sekunde chache, na sauti ndani yake ilikuwa imeshuka.

"Nilikuwa nangoja anipate."

"Nani?"

"Hakuna mtu. Si ndiyo? Woi, Anti. Hakuna mtu mle ndani."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Msichana alikuwa ameimba tangu utoto katika kanisa la mabati karibu na Oyugis, mbele ya mpiga kinanda mvumilivu ambaye kazi yake yote ilikuwa kumkimbilia mwimbaji popote alipo. Mwimbaji ndiye mwenye njia. Kinanda ni mgeni anayeulizia. Hakuna aliyemwambia kwamba muziki wa kurekodiwa hautafuti mtu. Umekaa mahali pake kama ukuta, na anayetaka kuingia ndiye anayetafuta mlango.

Truphena angeweza kuishia hapo, kumweleza na kumtakia heri. Lakini Mitchelle alikuwa na jambo lingine. Kikundi kilikuwa kinaandaa siku ya Wakenya huko Jeddah, Ijumaa ya katikati ya likizo ya shule, wiki saba zijazo. Madam wake angekuwa Jeddah wakati huo kwa dada yake, pamoja na watoto, pamoja na Mitchelle. Mwenyekiti wa maandalizi, Beverly, fundi wa nywele aliyekaa mtaa wa Ghulail, hukohuko Jeddah, miaka mingi na kumjua kila mtu, alikuwa amemwekea jina kwenye ratiba. Kwa masharti.

"Amesema nije, watu watafurahi kuniona," Mitchelle alieleza. "Lakini ataweka wimbo wenyewe, na sauti ya yule aliyeuimba. Mimi nifungue tu mdomo. Amesema ni kunisaidia nisiaibike tena."

"Na wewe umesema nini?"

"Sijasema. Nikikataa, sitapanda. Nikikubali, nikafungua mdomo bila sauti mbele ya watu walioiona video, basi nitakuwa nimewaambia kwamba king'ora ndiyo mimi." Akavuta pumzi. "Mimi nataka kuimba, Anti. Hata mara moja tu. Na sauti yangu."

Truphena alitazama ngoma ya mashine ikizunguka nyuma ya kioo.

"Mwambie utaimba. Mwambie mwalimu wako amekataa hayo mambo ya kufungua mdomo."

"Mwalimu gani?"

"Wewe mwambie hivyo tu."

*

Kumfundisha mtu kuimba kwa simu ni kazi ya kichaa. Ukiimba naye pamoja, sauti yake inakufikia ikiwa imechelewa, ukimngoja, anakungoja, mwishowe mnaimba kama wenye kigugumizi. Walijaribu mara moja, wakacheka, wakaacha. Kumtumia muziki ausikilize kwa spika za masikioni nako hakukufaa mwanzoni, kwa sababu akijirekodi, Truphena alisikia sauti yake peke yake, na sauti yake peke yake haikuwa na kosa.

Akiwa kwenye pasi, akawaza. Mashine ya kukaushia iliyokuwa nyuma yake ilikuwa inavuma. Ilivuma hivyo miaka yote, noti moja nene, na yeye bila kujua alikuwa akiivumia so yake juu yake, na mi yake, mchana kutwa, mtu na mashine. Akaweka pasi chini.

"Nyumbani kwa madam kuna mashine gani?" aliuliza.

"Zote. Friji, blenda, ya kufulia, ya kuosha vyombo. Maknasa."

"Ndiyo nini maknasa?"

"Ile ya kufyonza vumbi."

"Inaimba nini?"

"Inaimba kelele, Anti, itaimba nini?"

"Iwashe. Nitumie."

Mitchelle akatuma. Truphena akasikiliza, akavuma, akaitafuta, akaipata. Chini ya kelele kulikuwa na noti, imenyooka kama uzi wa fundi. "Hiyo ndiyo do yako," akamwambia. "Kuanzia leo John amekufa."

"Usiseme hivyo, John wa watu ana familia!"

"Basi amehama. Sikiliza. Ukiwasha hiyo maknasa, usifungue mdomo. Hesabu mpaka nane. Isikie kwanza tumboni, si masikioni. Kisha vuma pamoja nayo mpaka usijue ni nani anavuma. Ukishindwa kujitofautisha, hapo umefika. Ndiyo uimbe."

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Mitchelle aliwasha mashine na papo hapo akaanza pale koo lilipotaka, kisha, kwa mazoea ya miaka, akakaa akingoja mashine ije. Mashine haikuja. Truphena alimrudisha. Kesho yake akamrudisha tena. Alimkaripia kama alivyowakaripia watoto wa Webuye, na msichana alijibu kama wao walivyojibu.

"Anti, kwani hii mashine ni nani nimfuate?"

"Si mtu yeyote. Ndiyo maana huwezi kumbishia. Madam unaweza kumnunia. Mimi unaweza kunizimia simu. Hiyo ukiinunia itaendelea kuvuma vilevile."

"Mimi sipendi kufuata."

"Nani amekwambia kufuata? Nimekwambia sikia. Mtu anayesikia ndiye anayechagua pa kukaa."

Madam alifurahi kupita kiasi. Zulia la sebuleni lilifyonzwa mara mbili kwa siku, mapazia yakafyonzwa, hata mito. Siku moja alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akauliza kwa Kiarabu zulia lake limemkosea nini Mitchelle hata asiliachie nafasi ya kupumua. Mitchelle akasema vumbi la Riyadh, madam, haliishi. Madam akasema kweli, akaenda zake.

Ilikuwa wiki ya nne ndipo ujumbe ule ulipokuja. Truphena aliusikiliza katikati ya mlio wa pasi za mvuke. Maknasa ilikuwa inavuma, Mitchelle akiimba ubeti wa pili, polepole, amekaa vizuri juu ya do. Ghafla mashine ikameza upindo wa pazia. Ikaziba. Kama zifanyavyo mashine hizo zikizibwa pumzi, noti yake ikaruka juu, hatua nzima na zaidi. Na Mitchelle akaruka nayo. Katikati ya neno. Hakusita, hakuyumba, mashine ilipanda na sauti ikapanda, zikatua pamoja kama ndege wawili kwenye waya mmoja. Kisha kukasikika pazia likivutwa, mashine ikashuka, sauti ikashuka, na Mitchelle akapasuka kicheko.

"Anti! Umesikia? Mimi hata sikufikiria!"

Truphena alicheka mpaka msimamizi akaja. "Mafi kalam," alisema.

"Sisemi, bosi. Nacheka."

Usiku huo, hata hivyo, hakuwa na raha. Alijiuliza amefanya nini. Alikuwa amempata msichana mkaidi asiyemfuata mtu, akamfanya mtu anayefuata hata kifaa cha kufyonza vumbi. Je, huko Jeddah akitokea mwingine wa kumvuta? Sikio lililofunguka haliulizi ni nani anayeingia.

*

Ijumaa moja dereva wa madam alimshusha Mitchelle Batha kununua vitu vyake, saa mbili tu, yalla yalla, haraka haraka. Wakaonana kwa mara ya kwanza. Truphena alitegemea msichana mrefu. Alikuwa mfupi, macho makubwa, abaya imemzidi. Mitchelle alimtazama makovu ya mikono.

"Kumbe wewe ndiye unanichapa kila siku."

"Na bado. Kaa hapa."

Wakakaa kwenye mgahawa wa Waethiopia, upande wa ndani, na waya mmoja wa spika za masikioni wakagawana, kila mtu sikio moja. Sasa muziki wenyewe. Truphena alimwonyesha palipo na besi, ile sauti ya chini ambayo watu hawaisikilizi. "Hii ndiyo maknasa yako. Kinanda kitakudanganya, kinacheza cheza. Besi haichezi. Na usipige kelele. Ukipiga kelele unajiziba masikio mwenyewe, unapanda bila kujua. Siku ya ukumbi ukiona umepotea, punguza. Watu wote hufanya kinyume."

Mitchelle aliimba chini kwa chini, midomo karibu na kikombe. Kwenye meza ya jirani wanaume wawili waligeuka. Truphena akawatazama mpaka wakarudi kwenye chakula chao.

"Anti, na nikishindwa?"

"Utashindwa ukiimba. Hilo ni jambo moja. Kushindwa ukiwa umefunga mdomo ni jambo lingine, na mimi hilo sikufundishi."

*

Jeddah ilikuwa na joto la unyevu lililoshika nguo mwilini. Truphena alifika kwa basi, akalala kwa binamu yake Ghulail, na Ijumaa mchana akaenda istiraha, moja ya zile nyumba za mapumziko za kukodi nje ya mji, zenye ukuta mrefu, bwawa dogo, na uwanja wa nyasi za plastiki. Watu karibu mia mbili. Nyama inachomwa pembeni. Jukwaa lilikuwa ubao ulioinuliwa kidogo, na spika mbili kubwa zimesimama mbele yake, zote zikiutazama umati.

Aliyekuwa kwenye mitambo alikuwa Hillary, dereva wa nyumbani mwenye kofia iliyogeuzwa nyuma.

"Kijana," Truphena alisema, "mwimbaji atausikia muziki kutoka wapi?"

"Kutoka kwa spika, mathe."

"Spika zimempa mgongo."

"Mathe, hiyo ndiyo setting. Watu ndio wanasikiliza."

"Na yeye asikilize nini, ukuta?"

Hillary akacheka. "Si ameambiwa afungue mdomo tu? Nimeweka ile yenye sauti."

"Itoe. Weka isiyo na sauti."

"Hiyo uongee na Beverly."

Beverly alikuwa amekwisha fika, kilemba cha dhahabu, jasho juu ya poda. "Wewe ndiye mwalimu?" Alimkagua Truphena kuanzia viatu. "Mama, sisi tunampenda huyu mtoto. Lakini uliona ile video? Watu wamekuja kufurahi. Akiharibu tena, hatainuka."

"Ile video niliiona vizuri kuliko wewe. Jina la king'ora alimpa nani?"

Beverly akatazama pembeni. "Ilikuwa mchezo tu."

"Basi leo si mchezo. Ataimba au jina lake litoke kwenye ratiba. Lakini hapandi pale kuwa kinyago."

Mitchelle alikuwa ametokea nyuma yao, akiwa na gauni lilelile la kijani. Madam alikuwa amemwachia mpaka saa kumi na moja, dereva angekuja langoni. "Dada Beverly," alisema kwa adabu, "nitaimba. Ukitaka nizomewe, nizomewe na sauti yangu."

Beverly akainua mikono. "Halas. Basi, mimi nimenawa mikono. Lakini spika haziguswi, Hillary amezipanga tangu asubuhi."

Akaondoka. Truphena akasubiri mpaka afike kwenye nyama. Kisha akaenda kwenye spika ya kushoto, akaikumbatia kama gunia la mashuka yaliyolowa, na kwa mikono iliyobeba mashuka miaka kumi na miwili akaizungusha mpaka ikamtazama mwimbaji.

"Mathe! Nitagombezwa!"

"Useme ni mimi. Jina langu Truphena Barasa, nakaa Al-Murabba. Waje waniulize."

Kisha akasimama kando ya meza ya Hillary mpaka akaona ameweka wimbo usio na sauti, akabaki pale pale.

Mitchelle alipopanda, minong'ono ilianza upande wa nyuma. Simu zikainuka. Mtu mmoja akalia kama king'ora, na kicheko kikapita katikati ya watu. Muziki ukaanza. Mitchelle alisimama mdomo umefungwa. Truphena aliona vidole vyake vikihesabu pembeni ya gauni. Tano. Sita. Watu walidhani amesahau. Saba. Nane.

Akaingia.

Aliingia kama mtu anayeingia kwake. Kicheko kilikuwa kimeandaliwa, watu wamekwisha vuta pumzi, kikakosa pa kutokea. Ubeti wa kwanza ukapita. Ubeti wa pili, mama mmoja mbele akaanza kupiga makofi, kisha safu nzima. Hillary akamtazama Truphena, akanyanyua nyusi.

Halafu Beverly akapanda jukwaani na maiki ya pili.

Hakuwa na ubaya. Truphena alilitambua hilo baadaye, hakulitambua wakati ule. Furaha ilikuwa imemshika, na alikuwa kiongozi wa nyimbo tangu ujana. Nyumbani, wimbo ukishakolea, kiongozi huupandisha. Huinua mkono, huinua sauti nusu hatua, kanisa zima linapanda naye, na mpiga kinanda anakimbia nyuma. Hivyo ndivyo wimbo unavyokuwa moto. Beverly aliinua mkono, akainua kiitikio, na watu mia mbili waliolelewa kwenye makanisa yaleyale wakapanda naye kwa nguvu zao zote.

Kinanda cha kwenye spika kilibaki kilipokuwa.

Vurugu ile ilikuwa mbaya sana. Truphena alijua kinachofuata. Sikio limefunguka, watu mia mbili wanamvuta, na huyu ndiye aliyeruka na pazia. Akipanda, ataachana na muziki, na kila simu iliyoinuliwa pale itakuwa na video ya pili. Hakuna atakayesema ni Beverly. Watasema ni yeye.

Mkono wa Hillary ukaenda kwenye vitufe. "Nizime muziki, mathe, waimbe kavu. Inaharibika."

Truphena akaweka kiganja chake juu ya vitufe vyote. "Ukizima, umemwambia yeye ndiye aliyekosea. Toa mkono."

Mitchelle alikuwa amepandisha nusu ya neno. Truphena aliisikia ile robo ya hatua, kama mguu uliokwisha nyanyuka. Kisha msichana akapunguza sauti. Kila mtu pale alikuwa anapiga kelele. Yeye akashuka mpaka karibu na kunong'ona, akageuza sikio kwenye spika ya kushoto, akaitafuta besi. Akaipata. Akakaa.

Hakubaki jukwaani. Alishuka kwenye nyasi na maiki yake, akaenda kwa yule mama wa mbele, akamwimbia usoni, chini, taratibu, kama anayemweleza jambo. Mama yule alisita. Akanyamaza kidogo. Aliporudi kuimba, alikuwa na Mitchelle. Mitchelle akahamia kwa wa pili. Kwa wa tatu. Safu ya mbele ikashuka. Ya pili ikasikia ya mbele, ikashuka. Ilikuwa kama kutazama shuka kubwa likitandikwa, mkunjo mmoja unafuata mwingine mpaka miguuni. Beverly alibaki juu na rafiki zake wachache wa nyuma, kisha peke yake, maiki mkononi, na kwa mara ya kwanza akaisikia sauti yake mwenyewe kwenye spika.

Akafunga mdomo. Alisimama hivyo kwa mstari mzima. Kisha, tumpe haki yake, alisikiliza, akaingia tena, mahali panapostahili.

Wimbo ulipoisha hakuna aliyejua afanye nini kwanza, apige makofi au apige kelele. Walifanya vyote.

Beverly alishuka akijipepea. "Umenikatalia mbele ya watu, wewe."

"Sikukukatalia, dada," Mitchelle alisema. Alikuwa anahema. "Nilikaa tu."

"Na mimi nikaja." Beverly akacheka kidogo, kwa shida, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. "Haya. Kunywa maji, mama."

Honi ikalia nje ya lango. Mara mbili. Saa kumi na moja kasoro dakika tano. Truphena alikuwa amekwisha chukua mkoba wa msichana na abaya yake, maana alizijua nyumba za watu na alijua dakika kumi za kuchelewa hugharimu nini.

"Twende. Dereva huyo."

Mitchelle alitazama lango. Alitazama umati. Kisha akapanda tena kwenye ubao.

"Kaka Hillary, weka nyimbo ile nyingine uliyo nayo. Isiyo na sauti."

"Mitchelle!" Truphena aliita. "Madam!"

"Mwalimu, mwambie dereva dakika nne. Ikama yangu, kile kibali cha kukaa, anayo madam, koo ninalo mimi."

Watu wakashangilia. Honi ikalia tena, ndefu. Truphena alisimama katikati ya uwanja na mkoba wa mtu begani, amekasirika, amejaa fahari. Akamgeukia Hillary, akampa ishara kwa kidevu. Hillary akabonyeza.

Muziki ukaanza. Mitchelle alisimama mikono chini, mdomo umefungwa, uso mtulivu, akiuacha uje wote. Truphena alianza kumhesabia kwa vidole kwenye kamba ya mkoba. Alipofika tatu akaona kwamba hakuna aliyemhitaji ahesabu, akaacha, akaenda langoni kupigana na dereva.